Kilomita 21 kwa Mzazi Mwenye Kazi
Mwongozo wa wiki 16 kwa wakazi wa Migori na Homa Bay wanaojiandaa kwa mbio zao za kwanza za masafa marefu

Kwa wazazi wengi wa Migori na Homa Bay, siku huanza kabla ya jua kuchomoza. Kuna uji wa kupika, sare za shule za kutafuta, maji ya kuteka, kisha safari ya matatu au bodaboda kwenda kazini. Jioni kuna chakula cha usiku na daftari za watoto za kukagua. Mzazi wa aina hii akisema anataka kukimbia kilomita 21, swali la kwanza analoulizwa ni: muda utatoka wapi?

Swali hilo ni la haki. Mzazi anayejiandaa kwa mbio ana watu wanaomtegemea. Akigongwa na gari alfajiri, akivunjika mguu, au akianguka kazini kwa uchovu, hasara si yake peke yake. Kwa hiyo mbio za kwanza za mzazi zina malengo mawili: kumaliza salama, na kuamka Jumatatu akiwa na nguvu za kwenda kazini. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata malengo hayo.

Waliotangulia

Kenya ina mifano ya wazazi wenye ajira waliofika kilele cha mbio ndefu. Catherine Ndereba, aliyekuwa mtumishi wa Idara ya Magereza, alijifungua binti mwaka 1997. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2000, alishinda mbio za Boston, na tarehe 7 Oktoba 2001 akavunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake mjini Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Edna Kiplagat, afisa wa polisi na mama, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2011 na tena mwaka 2013. Alishinda Boston mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 37.

Hawa walikuwa wanariadha wa kulipwa, na mkazi wa kawaida hawezi kuiga kasi wala kilomita zao. Jambo la kuiga ni mpango wa nyumbani. Hakuna kati yao aliyefika huko peke yake. Walikuwa na waume, ndugu na waajiri waliojua ratiba ya mazoezi na kuikubali. Mzazi wa Rongo au Mbita anahitaji mpango wa namna hiyo, ingawa wake ni mdogo zaidi.

Kuhesabu muda

Ili kumaliza kilomita 21, mtu mwenye afya njema ambaye tayari anaweza kutembea haraka kwa dakika 30 anahitaji mazoezi ya siku tatu kwa wiki, kwa wiki 16. Siku mbili ni fupi na zinaangukia katikati ya wiki. Siku moja ni ndefu, nayo ni ya mwisho wa wiki. Familia nyingi za eneo hili ni za Waadventista wanaosali Jumamosi, na kwao siku ndefu itakuwa Jumapili. Wengine watachagua Jumamosi ili Jumapili ibaki ya kanisa na mapumziko.

Wiki ya kwanza inahitaji saa 1 na dakika 40 kwa jumla. Wiki nzito kuliko zote, ambayo ni ya 14, inahitaji saa 3 na dakika 40. Huo si muda mwingi, lakini lazima ujulikane unatoka wapi. Ukitoka kwenye televisheni au simu, hakuna anayeumia. Ukitoka kwenye usingizi, mwili utadai. Na mara nyingi, bila mtu kukusudia, hutoka kwa mtoto mkubwa wa kike: mama au baba yuko barabarani, naye binti anaacha vitabu ili awapikie wadogo zake uji. Hapo mazoezi yamekuwa deni la mtoto.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya maandalizi ni kikao cha nyumbani, kabla hata ya viatu kununuliwa. Ratiba iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Mbele ya kila siku ya mazoezi liandikwe jina la mtu mzima atakayeshika nyumba kwa muda huo. Anayekimbia naye atoe kitu. Akichukua asubuhi ya Jumapili, mwenzake apewe alasiri yake. Mzazi anayelea peke yake anaweza kupatana na jirani au ndugu wapokezane watoto, au kumpeleka mtoto shuleni kwa miguu kisha kukimbia wakati wa kurudi, ikiwa kazi yake inaanza baadaye.

Ratiba ya wiki 16

Dakika zilizo hapa chini zinajumuisha kukimbia na kutembea. Hakuna haja ya kupima kilomita, saa ya mkononi au simu inatosha.

Wiki ya 1 hadi 4: siku fupi mbili za dakika 30. Siku ndefu ni dakika 40, 45, 50, kisha 40. Mkimbiaji akimbie dakika nne na kutembea dakika moja, akirudia hivyo hadi mwisho.

Wiki ya 5 hadi 8: siku fupi mbili za dakika 35. Siku ndefu ni dakika 60, 70, 80, kisha 60.

Wiki ya 9 hadi 12: siku fupi mbili za dakika 40. Siku ndefu ni dakika 90, 100, 110, kisha 80. Katika siku moja fupi ya kila wiki, achague kilima cha wastani na kukipanda kwa nguvu kidogo mara nne hadi sita, akishuka kwa kutembea.

Wiki ya 13 na 14: siku fupi za dakika 40 na 45. Siku ndefu ni dakika 120, kisha 135.

Wiki ya 15: siku fupi mbili za dakika 30, siku ndefu dakika 75.

Wiki ya 16: dakika 25, kisha dakika 20 za taratibu, halafu mbio zenyewe.

Kila wiki ya nne ni nyepesi kwa makusudi. Misuli, mifupa na kano huimarika wakati wa kupumzika, na kano huchukua muda mrefu kuliko mapafu kuzoea kazi mpya. Ndiyo maana watu wengi huumia katika wiki ya tano au ya sita, pale pumzi imeshakuwa nzuri na mtu anadhani anaweza kuongeza mara mbili.

Kasi ni moja tu kwa karibu mazoezi yote: ile inayomruhusu mtu kusema sentensi nzima bila kuhema. Akishindwa kuzungumza, anakwenda haraka mno. Anayetumia dakika 7 na nusu kwa kila kilomita atamaliza kilomita 21 kwa takriban saa 2 na dakika 38, na hakuna aibu katika muda huo.

Siku inapoharibika

Hakuna mzazi atakayefuata ratiba hii bila kukosa siku. Mtoto atapata homa usiku, zamu itabadilishwa, au kutakuwa na matanga nyumbani. Siku iliyokosekana isilipwe. Kuunganisha mazoezi ya siku mbili ili kufidia ndiyo njia ya haraka ya kuumia. Ikiwa wiki ina nafasi moja tu, nafasi hiyo itumike kwa siku ndefu. Ikiwa wiki nzima imepotea, mkimbiaji arudie wiki iliyotangulia. Zikipotea wiki tatu au zaidi, ni busara kuchagua mbio nyingine za baadaye.

Kazi ya mikono pia ihesabiwe. Mkata miwa wa Awendo, mvuvi wa omena anayekesha ziwani, mchimba dhahabu wa Macalder na mama anayebeba mtungi wa lita 20 kutoka mtoni tayari wameupa mwili mzigo. Siku ya kazi nzito, dakika 20 za kukimbia taratibu zinatosha. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku alale kwanza, kwa maana mtu mwenye usingizi hujikwaa na huchelewa kuona gari.

Barabara na giza

Saa kumi na moja alfajiri ni wakati mzuri kwa sababu ya baridi, lakini bado ni giza. Barabara kuu inayotoka Kisii kupitia Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania ina malori ya masafa marefu na magari ya abiria yanayokimbilia ratiba. Si mahali pa kufanyia mazoezi gizani.

Njia bora ni uwanja wa shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, uwanja wa michezo wa mji, au barabara ya murram yenye magari machache. Murram pia ni laini kwa magoti kuliko lami. Anayelazimika kutumia barabara akimbie upande wa kulia, akiyatazama magari yanayokuja, na ahame kabisa barabarani magari mawili yanapopishana. Avae jaketi linaloakisi mwanga kama lile la mwendesha bodaboda. Asiweke vipokea sauti masikioni.

Wanawake wengi huacha mazoezi kwa kuhofia usalama, na hofu hiyo isipuuzwe. Wakimbie wawili au zaidi, waambie mtu njia watakayopita na saa ya kurudi, na wabadilishe njia mara kwa mara. Kikundi cha majirani wanne kina faida nyingine: ni vigumu kubaki kitandani wakati watu watatu wanasubiri langoni.

Wanaokimbia jioni wajihadhari na radi. Kandokando ya Ziwa Victoria mvua za radi huja mara nyingi alasiri na jioni. Ngurumo ikisikika, mazoezi yamekwisha. Mkimbiaji aingie ndani ya nyumba au gari, wala asijikinge chini ya mti.

Afya kabla ya viatu

Kabla ya wiki ya kwanza, kila mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, au mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au historia ya ugonjwa wa moyo katika familia, apimwe na kuzungumza na mhudumu wa afya. Mama aliyejifungua hivi karibuni asubiri ruhusa ya kliniki.

Kuna mambo mawili yanayohusu eneo hili kwa namna ya pekee. La kwanza ni selimundu, au siko seli, ambayo ni ya kawaida katika kaunti za kandokando ya ziwa. Mwenye ugonjwa huo asianze mpango wa mbio ndefu bila ushauri wa daktari. Aliyerithi kijenia kimoja tu kwa kawaida ni mzima na anaweza kukimbia, lakini aanze polepole, anywe maji ya kutosha, aepuke jua kali, na asimame mara moja misuli ikianza kuuma au kulegea kwa namna isiyo ya kawaida. La pili ni malaria. Mwenye homa asikimbie hata dakika kumi. Apimwe, amalize dawa, na akirudi afanye wiki moja ya kutembea kabla ya kukimbia.

Maumivu ya misuli yanayopungua mtu anapopata joto ni ya kawaida. Maumivu ya goti, muundi au kisigino yanayozidi jinsi mtu anavyokimbia, au yanayomfanya achechemee, ni amri ya kusimama. Kumeza diclofenac au ibuprofen ili kuendelea kukimbia ni hatari, kwa sababu dawa hizo zinaweza kudhuru figo za mtu aliyepoteza maji mwilini. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu viatu, si lazima viwe vya bei ghali. Raba nzuri hupatikana kwenye mitumba. Mnunuzi abonyeze soli kwa kidole: ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha. Aangalie kama kisigino kimelika upande mmoja, kisha avae viatu vyote viwili na kukimbia hatua chache sokoni hapo hapo. Kidole gumba kibaki na nafasi ya upana wa kidole mbele. Viatu vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Chakula na maji

Chakula cha nyumbani kinatosha. Ugali, viazi vitamu, nduma, ndizi na githeri hutoa nguvu, na omena, samaki, maharagwe, mayai na maziwa hujenga misuli. Mboga kama sukuma wiki na mchicha ziwemo kila siku. Kabla ya siku ndefu, kikombe cha uji au ndizi mbili saa moja kabla ya kutoka husaidia. Chakula kipya kisijaribiwe asubuhi ya mbio.

Maji yanahitaji kiasi. Jua la Homa Bay na unyevu wa ziwa hufanya mtu atoke jasho jingi, na asiyekunywa hupata kichwa kuuma na kukakamaa misuli. Lakini kunywa kupita kiasi nako ni hatari, hasa kwa wanaokimbia polepole. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 wana upungufu wa chumvi katika damu. Dalili kubwa ilikuwa kuongeza uzito wakati wa mbio, maana yake walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Upungufu huo ukizidi huweza kuua. Kanuni rahisi ni kunywa kiu inapodai, mafunda machache kwa wakati mmoja, na baada ya siku ndefu kula chakula chenye chumvi ya kawaida.

Siku ya mbio

Kwa mkazi wa Migori au Homa Bay, mbio kubwa mara nyingi ziko mbali. Mbio za Nairobi, ambazo hufanyika kila mwaka kwa kawaida mwezi Oktoba, zina masafa ya chini ya marathoni kamili, ikiwemo kilomita 21. Anayekwenda huko akumbuke kuwa mji wa Homa Bay uko karibu na usawa wa ziwa, takriban mita 1,150 juu ya bahari, na Nairobi iko juu zaidi kwa karibu mita 600. Pumzi itakuwa nzito, basi apunguze kasi tangu mwanzo. Asisafiri kwa basi la usiku na kushuka moja kwa moja kwenye mstari wa kuanzia. Usiku mmoja wa kulala kwa jamaa au rafiki uwe sehemu ya bajeti, pamoja na ada ya kujiandikisha na nauli ya kurudi.

Bunduki ikilia, umati utaondoka kwa kasi. Mkimbiaji wa mara ya kwanza awaache waende. Kilomita saba za kwanza ziwe rahisi kiasi cha kuchosha uvumilivu, saba zinazofuata ziwe za mazoea, na saba za mwisho ndizo za kazi. Kutembea kwenye kupanda kunaruhusiwa.

Kwenye meza za maji apunguze mwendo na kuangalia kulia na kushoto. Hata mabingwa huanguka hapo. Katika mashindano ya dunia ya Daegu mwaka 2011, Edna Kiplagat aligongana na Mkenya mwenzake Sharon Cherop penye maji na kuanguka. Cherop alisimama kumsaidia kuinuka. Kiplagat aliendelea na kushinda, Priscah Jeptoo akawa wa pili na Cherop wa tatu.

Baada ya mstari wa mwisho, mkimbiaji asikae chini mara moja. Atembee dakika kumi, avae nguo kavu, ale na kunywa. Wiki inayofuata ni ya kutembea tu. Ratiba iliyobandikwa ukutani isomwe tena na wote walioshika nyumba kwa wiki 16, kwa sababu sasa ni zamu yao kuchagua jambo la kufanya, na zamu ya mkimbiaji kushika nyumba.

Kwa wanaotaka kuanza

Tangu Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii nchini walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Mkazi anayepanga kuanza mazoezi aombe kupimwa na mhamasishaji wa kijiji chake, au afike kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Matokeo yakiwa mazuri, wiki ya kwanza inaweza kuanza siku inayofuata: dakika nne za kukimbia taratibu, dakika moja ya kutembea, hadi dakika 30 zitimie.